Madirisha matatu kwenye kioo kimoja: uzoefu wangu na FancyZones, kifaa cha kugawa kioo cha kompyuta, saibani Kaptembwo

Naendesha saiba ndogo Kaptembwo, Nakuru. Kompyuta 4, printa 1, na mimi mwenyewe kaunta. Wengi wanaoingia hapa hawataki kukaa kwenye kompyuta, wanataka niwafanyie. Nijazie hii fomu. Nitumie hii CV. Nitolee risiti ya KRA, wale wa ushuru. Nipakulie barua, nimetumiwa kwa WhatsApp. Kwa hiyo kazi yangu kutwa ni kuchota kitu dirisha hili na kukimimina dirisha lile.

Miaka yote hiyo nilijua njia moja tu: kila dirisha nalitanua lijae kioo. Unabofya mara mbili pale juu penye jina la programu, limejaa. Kioo changu kilikuwa cha inchi 19, macho yangu si ya ujana tena, na dirisha likiwa dogo nilijiona kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Kutoka dirisha moja kwenda lingine, nilitumia Alt na Tab. Nilikuwa mwepesi kweli, vidole vilikuwa vinaenda vyenyewe.

Shida ya Alt na Tab haiko kwenye vidole, iko kichwani. Nambari ya kitambulisho ina tarakimu 8, ya simu ina 10. Unaisoma kwenye WhatsApp, unaruka hadi kwenye fomu, unaiandika. Sasa pale katikati ya kuruka, mtu anasimama mlangoni: "Bosi, foto kopi ya kitambulisho ni ngapi, mbele na nyuma?" Unamjibu. Unarudi kuandika, na vidole vinaandika kile vinachodhani vinakumbuka.

Mwaka jana nilimjazia kijana wa hapa jirani ombi la kazi. Nambari ya simu nikaigeuza tarakimu mbili za mwisho, ya mbele ikawa nyuma. Jina lake lilichaguliwa. Ujumbe wa kumwita kwenye usaili ukaenda kwa mtu asiyemjua, na yeye akagundua siku zimeshapita, alipoliona jina lake kwenye orodha. Alikuja na ile nakala niliyomchapishia. Hakugomba. Aliiweka karatasi kaunta, akaweka simu yake kando ya karatasi, akaniachia nisome mwenyewe. Kosa nililiona hata kabla sijavaa miwani.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuweka vitu kando kwa kando.

Nilianza na kile kilichokuwemo tayari. Ukishika kitufe chenye alama ya Windows na kubonyeza mshale wa kushoto, dirisha linalala nusu ya kushoto, kisha unaonyeshwa mengine uchague la kujaza nusu ya kulia. Mshale wa juu unalitanua lijae, wa chini unalirudisha lilivyokuwa, na ukiubonyeza tena linashuka kabisa. Mambo ya kulaza dirisha nusu kioo yapo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na Windows 10 ikaongeza kulaza robo kwenye pembe. Nilikuwa nimekaa nayo miaka yote hiyo kama jembe lililosahaulika darini.

Kwa fomu fupi, nusu kwa nusu inatosha kabisa, na kama kazi yako ni ya madirisha mawili ishia hapo, usisumbuke kusakinisha kitu. Kazi yangu ni ya matatu. Fomu, WhatsApp ya mteja, na picha ya cheti au kitambulisho. Kompyuta yangu ya kaunta ina Windows 11, ambayo ukipeleka kipanya juu ya kile kisanduku cha kutanua, au ukibonyeza kitufe cha Windows na Z, inakuletea michoro ya namna ya kugawa kioo. Nilifurahi, kisha nikakuta ule wa safu tatu haumo. Huo hutolewa kwa vioo vyenye upana wa kuanzia pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920, na changu kilikuwa na 1440. Robo zilikuwepo, lakini ukiitia fomu ya serikali kwenye robo ya kioo cha inchi 19 utaiona vitufe vyake tu.

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Nilishuka mjini nikanunua kioo cha mtumba cha inchi 24, ex-UK, shilingi 7,500 baada ya kuvutana na muuzaji. Halafu nikapakua PowerToys.

PowerToys inatoka kwa Microsoft wenyewe, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Jina ni la zamani, lilitumika enzi za Windows 95, likafufuliwa mwaka 2019. Ni furushi la vifaa vingi vidogo, na vingi kati ya hivyo sijavigusa na sidhani nitavigusa. Faili ya kusakinisha inakula mamia ya MB, kwa hiyo kama unatumia bando la siku subiri hadi upate Wi-Fi. Kompyuta ya Windows 7 haiwezi kuibeba. Nilichokitaka mimi ni kifaa kimoja ndani yake, kinaitwa FancyZones.

Kinafanya hivi: unakata kioo chako upendavyo, na vile vipande vinakaa. Unashika kitufe cha Windows, Shift na kile kitufe kilicho juu ya Tab, ubao wa kuchorea unafunguka. Mimi nilikata pande mbili. Kushoto, kipande kipana cha fomu, zaidi ya nusu ya kioo. Kulia nikakata mara mbili, juu WhatsApp, chini picha. Ukitaka kulipeleka dirisha mahali pake, unalishika kichwani, unaanza kuliburuta, unashikilia Shift, vipande vinang'aa, unaliachia ndani ya unachotaka. Linajaa humo kama unga kwenye kibaba, na halimfuniki mwenzake.

Ukiliburuta hadi kwenye mpaka wa vipande viwili, vyote viwili vinang'aa, na ukiachia linachukua nafasi ya vyote. Hiyo naipenda sana kwa vyeti vya shule, maana cheti ni kirefu. Nakitandaza upande wote wa kulia, nikimaliza kusoma nakirudisha chini.

Niliposakinisha mara ya kwanza niliona vipande vina mwanya katikati, kama vigae ambavyo fundi amesahau kuviziba. Huo mwanya ni pikseli 16 na unauzima kwenye ukurasa ule ule wa kuchorea. Kwenye kioo cha inchi 24 kila pikseli nimeilipia, nikauzima siku hiyo hiyo.

Ningependekeza pia uingie kwenye mipangilio uiruhusu FancyZones ichukue vile vitufe vya Windows na mishale. Ukifanya hivyo mshale unalihamisha dirisha kutoka kipande kimoja hadi kingine bila kugusa kipanya. Kipanya changu cha kaunta kinashikwa na watu wengi na huwa na ujeuri wake, kwa hiyo hiyo kwangu si anasa.

Kuna kifaa kingine ndani ya furushi hilo, Always On Top, ambacho sikukitafuta na sasa siwezi kukiacha. Ukiwa juu ya dirisha, bonyeza Windows, Ctrl na T. Dirisha linapata mstari wa rangi kuzunguka kingo zake na halifunikwi tena na lolote, hata utanue nini. Kikokotoo changu kinakaa hivyo kwenye pembe kutwa. Kurasa 14 za kuchapisha, picha 2 za pasipoti, kufunga na mkanda: napiga hesabu mteja akiona. Zamani kikokotoo kilikuwa kinapotea nyuma ya fomu, nikikitafuta natokea kwenye barua ya mtu mwingine.

Barua ya mtu mwingine ndiyo jambo la pili lililonisukuma. Kaunta ya saiba iko wazi, na watu wana macho. Mama wa viazi anasubiri zamu yake, huku kwenye kioo kuna mshahara wa mwalimu. Kwa hilo FancyZones haisaidii chochote. Natumia meza za ziada za Windows yenyewe: Windows, Ctrl na D inafungua meza mpya tupu, na Windows, Ctrl na mshale inakuhamisha kati ya meza. Kila mteja nampa meza yake na naiandika jina. Zile meza zinakubali majina yoyote, ndiyo maana ukija kwangu Jumatatu asubuhi utakuta Viazi, Mwalimu, Boda wa Pili na Nyanya wa Pensheni.

Lakini sikiliza hili kabla hujafanya kama mimi. Ukiifunga meza, madirisha yaliyokuwa juu yake hayafi. Yanahamia meza jirani. Nililijua hilo siku nilipofunga meza ya Mwalimu nikiwa nimemaliza naye, nikageuza kioo kumwonyesha mama fomu yake, na mshahara wa Mwalimu ukawa umetandazwa pale pale juu ya fomu. Niligonga Windows na D vyote vikashuka chini. Mama akacheka. "Huyo analipwa vizuri," akasema. Siku hizi natoka kwenye akaunti, nafunga dirisha moja moja, halafu ndiyo naifunga meza.

Nikiwa kwenye mambo ya kupotea: wako wateja wanaokaa kwenye zile kompyuta nyingine halafu wanaita, "Bosi, kila kitu kimeenda!" Mara nyingi wamegusa F11, na kivinjari kimejaa kioo kizima hadi upau wa chini na vitufe vya juu havionekani. Unagusa F11 tena. Na kama dirisha limefunguka nje ya kioo, jina lake unaliona chini lakini lenyewe hulioni, libofye pale chini, kisha Alt na nafasi, halafu M, halafu mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya. Linarudi limening'inia kwenye kipanya kama kuku aliyeshikwa miguu. Hilo lilinipata wiki ile niliyojaribu kutumia vioo viwili pamoja, kile cha zamani na kipya. Nilikiondoa cha zamani. Kaunta yangu ni nyembamba, na shingo yangu ni moja.

Sasa yasiyonifurahisha. Programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi (administrator) haisikii FancyZones mpaka PowerToys nayo uipe mamlaka hayo hayo. Nilidhani imeharibika, nikaisakinisha upya bure. Madirisha mengine yana upana wao wa chini kabisa, na hayakubali kubanwa zaidi ya hapo, yanamwagikia kipande cha jirani. Tovuti nazo zinatofautiana: nyingine ukiibana inajipanga upya kama iko kwenye simu na menyu inajificha, nyingine haijipangi kabisa, inataka uivute kushoto na kulia kama pazia. Ndiyo sababu kipande changu cha fomu kina upana ule. Na kwenye kompyuta moja ya RAM ya GB 4 niliyojaribu, nilivizima vifaa vyote vingine vya furushi nikabakiza FancyZones na Always On Top, vinginevyo ilikuwa inahema.

Niliposoma kidogo historia ya haya mambo nilicheka peke yangu. Windows ya kwanza kabisa, iliyotoka Novemba 1985, haikuwa inaruhusu madirisha kulaliana. Yalipangwa kando kwa kando kama vigae. Kulaliana kulikuja na Windows 2.0 mwaka 1987. Na mimi, karibu miaka 40 baadaye, nimesakinisha programu ya kuniondolea kulaliana.

Jaribio kubwa lilikuwa Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za KRA, na Wakenya tunavyojulikana, foleni ya tarehe 29 inafika kwa muuza chapati. Kazi yenyewe ni ile ile: PIN kutoka kwenye simu ya mtu, fomu, risiti, anayefuata. Siku ile stima ilipotea mara mbili. Zamani ningepoteza dakika nyingi nikifungua kila kitu upya na kukipanga. FancyZones inakumbuka vipande ulivyokata, lakini haikufungulii madirisha. Kwa hilo kuna Workspaces, kifaa kipya kidogo ndani ya furushi hilo hilo, kimeingia mwaka 2024: unapanga programu zako mara moja, kinahifadhi mpangilio, kinakuwekea alama ya kubofya. Stima iliporudi nilibofya pale, kivinjari kikaenda kushoto, folda ya picha chini kulia, na mimi nikawa nauliza nani alikuwa anafuata.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu hakuna kilichoniambia habari ya mamlaka ya msimamizi hadi nilipoteseka.

Yule kijana alirudi miezi mitatu baadaye na ombi lingine. Niligeuza kioo kikamwelekea, fomu kushoto, WhatsApp yake kulia, nikamwambia asome mwenyewe. Alisoma tarakimu moja moja, kidole kikigusa huku na kule.

Kwa haki niseme na hili. Binti wa dada yangu hunishikia kaunta Jumamosi. Nimemfundisha vipande, nimemfundisha meza, na bado anatanua kila dirisha lijae kioo na kuruka kwa Alt na Tab. Siku moja tulishindana, fomu ile ile, akanimaliza kwa zaidi ya dakika nzima. Nilipomchungulia nikaona kando ya kibodi ana kijikaratasi. Nambari ya simu ya mteja ameiandika kwa kalamu kabla hajafungua kitu chochote.