Filamu za Wanyama Wauaji za Bei Poa: Ipi Ubebe, Ipi Uiache Kaunta

Haya watazamaji wangu, karibuni. Niko hapa Kampala, na leo mkononi nina flashi imejaa wanyama wauaji watupu: papa, mamba, chatu, hadi buibui wenye ukubwa wa kamunye, yaani basi dogo la abiria. Nimeijazisha laibrari moja ya filamu kule Wandegeya, na kijana wa pale akanicheka waziwazi: "Mzee, na wewe papa wanaoruka?" Na mimi, kijana wangu. Nazipenda sana filamu hizi, ila kuna jambo moja linaniudhi mpaka natamani kuzima.

Si picha mbovu. Hiyo kila mtu anailalamikia, na ni kweli: papa hana uzito, maji yanayomzunguka hayatikisiki, damu inaruka hewani halafu sitaha inabaki kavu. Kipande kimoja cha papa akifungua mdomo kinarudiwa mara nne, na mara ya tatu wamekigeuza tu atokee kushoto. Anga nayo, huku jua kali, huku mawingu, na watu bado wako kwenye boti ileile. Hayo nayasamehe, pesa hazikuwepo.

Nisichosamehe ni mnyama asiyejua kazi yake. Angalieni hapa: mamba anatoka majini, ananguruma, anamkimbiza mtu barabarani kama anamdai. Banange! Sisi watu wa pembeni mwa Ziwa Victoria utatudanganyaje na mamba? Mamba ana sauti, sawa, lakini akiwinda hapigi kelele. Anasubiri. Mnapozoea kuchotea maji pale pale kila siku, na yeye amepazoea. Macho na pua tu ndiyo yako juu, na hayo yenyewe huyaoni. Akikushika anakuvuta ndani na kujizungusha, kwa sababu meno yake ni ya kushikia, kutafuna hawezi. Wengi mnamkumbuka yule waliyempa jina la Osama, aliyenaswa kijiji cha Luganga mwaka 2005, ana karibu mita 5, na watu wa pale wakisema amekula zaidi ya 80. Mtu wa Luganga umwonyeshe huyu anayenguruma barabarani? Atakuomba ubadilishe, aangalie mpira. Simba naye ni hivyo hivyo: kwenye filamu hizi hupiga kelele kwanza, kana kwamba anabisha hodi.

Na kinachouma ni kwamba mnyama anayejificha hana gharama! Jaws ya mwaka 1975 haikuwa ya bei poa, lakini papa wao wa mashine aligoma kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg akabaki kutuonyesha pezi, mapipa ya njano na ule muziki. Watu wakaogopa zaidi. Halafu kuna Open Water ya 2003, iliyotengenezwa kwa pesa kidogo kweli: wazamiaji wawili wamesahauliwa na boti katikati ya bahari, na papa ni wa kweli, si wa kompyuta.

Ila kwangu mimi bingwa ni Black Water ya 2007, ya Australia. Watu wamekwama juu ya mti kwenye mikoko, boti yao imepinduka, chini kuna mamba. Sehemu kubwa ya filamu ni watu juu ya mti wanaangalia maji. Maji tu! Ya rangi ya chai, yametulia, boti iko pale karibu, na mtu akianza kuteremka kuifuata, wewe hata humtazami yeye, unapekua kila pembe ya maji. Mamba mwenyewe akitokea ni picha za mamba halisi zilizopachikwa, kwa hiyo hata hapo macho hayalalamiki.

Kwa nini wengine hawafanyi hivyo? Jalada. Jalada limemchora mamba mkubwa kuliko daraja la Jinja, na mteja akifika dakika ya 20 hajamwona anadhani kaibiwa. Basi wanamtoa mapema, na akishatoka, hofu imekwisha.

Sasa, zile za kipuuzi. Sharknado ya 2013: kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga Los Angeles, na steling anaingia tumboni mwa papa na msumeno wa injini, anajikata mpaka anatoka mzima. Nilicheka sana. Lakini zilifika sita, na kadiri zilivyoendelea ndivyo zilivyokuwa zinakukonyeza, "unaona tulivyo wajinga?" Mtu akijichekesha makusudi mimi nanuna. Bora Night of the Lepus ya 1972, ambayo wauaji ni sungura. Ndiyo, sungura! Sungura wa kufugwa, wamepigwa picha polepole wakikimbia kati ya vijumba vya mfano, na waigizaji wanatetemeka kwa moyo wote. Hakuna anayetania, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwetu Uganda, filamu za aina hii haziishi mpaka VJ, yule anayetafsiri na kuisimulia filamu juu ya sauti yake, aweke mdomo. Mamba wa kompyuta akitokea, VJ anampa jina, anagombana naye, anamwambia steling apande boda. Ubovu wote unageuka burudani. Nabwana, mtengenezaji filamu wa Wakaliga hapa Kampala, alilielewa hilo, ndiyo maana Who Killed Captain Alex ya 2010 ina VJ Emmie humo humo ndani. Lakini Black Water usinichukulie ya VJ, tafadhali. Ukimya ndiyo mali yenyewe pale. Papa wa kimbunga mchukue ametafsiriwa. Mamba wa mikoko mchukue jinsi alivyo.

Na kiboko je? Usiku, njia ya kwenda ziwani, majani yanatafunwa, na wewe hujui umesimama kati yake na maji au la. Hiyo hata kwa simu unarekodi. Bado naisubiri.

Mkienda kununua, mwambieni kijana wa kaunta aruke katikati ya filamu, mwangalie dakika tano tu. Mkimwona mnyama yuleyule, mdomo uleule, mara mbili, na hakuna VJ wa kumtetea, mrudishieni.