Fundi aliyepima kwanza kabla ya kubadilisha kipuri

Droo ya kutunzia chakula joto iliyo chini ya jiko langu la umeme ilipoanza kuonyesha alama ya hitilafu na kuacha kupasha, karakana ya kwanza ilitaka nilipie bodi nzima ya kielektroniki bila kupima chochote. Fundi wa pili, ambaye ndiye ninayemsifu hapa, alizima umeme kwenye swichi kuu, akachomoa waya za sensa, yaani kifaa kinachoiambia bodi joto la droo, na kupima kwa mita ukinzani wa sensa hiyo (kiasi inachozuia umeme kupita). Ukinzani wa sensa ya platinamu kama hiyo hupanda joto linapopanda: huwa omu 1,000 kwenye nyuzi 0 na takriban 1,097 kwenye nyuzi 25. Yangu ilisoma vizuri ikiwa imechomolewa, lakini alipoipima kutokea upande wa bodi, usomaji uliruka kila waya zilipotikiswa. Hitilafu ilikuwa kwenye pini moja ya kuunganishia waya hizo, iliyoshika kutu ya kijani. Aliiondoa, akafunga nyingine inayostahimili joto, kisha akaacha kipimajoto ndani ya droo mpaka kikavuka nyuzi 60, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linahimiza kwa chakula cha moto kinachosubiri kuliwa. Alichelewa kufika, na bei yake si ya chini, ila risiti yake imeandika kila kipimo, jambo ambalo ningependa kila fundi alifanye.