Nilivyopasuliwa shina la dole gumba

Mimi nashona kofia za viua hapa Wete. Kazi yote ni kuibana sindano baina ya dole gumba na kidole cha shahada, kwa hivyo baridi yabisi iliponiingia kwenye shina la dole gumba, iligusa riziki yangu. Nazi nikawa nakuniwa, na kifuniko cha chupa namwita mjukuu anifungulie.

Upasuaji haukuwa wa kukimbilia. Kwanza nilipewa dawa na gango la kukituliza kidole, kisha sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, pale pale kwenye kiungo. Sindano ilinipa nafuu nzuri, lakini haikudumu. Picha ilionesha gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa, limelika, mfupa unasagana na mfupa mwenziwe.

Nikavuka kwenda Dar es Salaam. Walitia ganzi mkono tu, nami niko macho. Walikitoa kimfupa kiitwacho trapezia, kilicho chini ya dole gumba. Wengine huongezewa kipande cha kano cha kukishikilia kidole, mimi sikuongezewa. Nilipouliza, daktari alinieleza kuwa tafiti zilizolinganisha njia hizo mbili hazikuonesha kuwa kano inaleta nafuu zaidi. Nilipenda alivyonijibu bila ya haraka.

Yale maumivu ya kusagana yameondoka, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikishika sindano. Lakini nguvu! Kwa kawaida mkono hukaa kwenye plasta au gango wiki 4 hadi 6, na nguvu za kubana hurudi polepole, pengine mpaka mwaka. Mgongo wa kidole changu ulikuwa na ganzi muda mrefu, maana vijishipa vya fahamu vimepita hapo hapo, na kidole chenyewe kimefupika kidogo.

Nisiloridhika nalo ni kuwa hospitali iliniruhusu na karatasi ya dawa tu, bila ya neno juu ya mazoezi. Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa viungo, Chake Chake, na khasa hapo ndipo kidole kilipoanza kutii. Dada zangu, ulizeni mazoezi kabla hamjapasuliwa, tena mwandikiwe.

Na kama unachuma karafuu, subiri msimu upite ndipo upasuliwe. Kwa miezi kadhaa hutoweza kuvuta tawi.