Kinasa sauti kinachomeza "ha": mwongozo wa kununua kwa wanaoiachia programu iandike

Kwa miaka sita nilikuwa nikiandika kwa mkono mihtasari ya vikao vya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro, na mwaka jana nikachoka. Nilinunua kinasa sauti cha shilingi 70,000, chembamba kama kalamu, kisicho na jina la mtengenezaji, nikakiweka katikati ya meza ya kikao, na jioni nikahamishia faili kwenye kompyuta ili programu iligeuze kuwa maandishi. Maandishi yalitoka safi kuliko nilivyotarajia. Niliyapitia harakaharaka, nikasahihisha majina ya watu, nikayabandika ubaoni. Jumatatu asubuhi wanachama wanne walikuwa wamepanga foleni mlangoni mwa ofisi wakiwa na fomu mkononi, kwa sababu muhtasari ulimnukuu mhazini akisema: "Kuna fedha ya mikopo ya dharura mwezi huu." Mzee wetu mhazini alivaa miwani, akausoma ubao mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole unaouma kuliko kugombezwa: "Mwanangu, haya nimeyasema mimi?"

Alikuwa amesema hakuna.

Niliporudi kuisikiliza sauti yenyewe, nilikuta sentensi yake inaanzia "kuna", na kabla yake kuna mlio mdogo mkavu, kama wa kalamu inayofunikwa. Chombo kilikuwa kimelala. Sauti ya mzee ndiyo iliyokiamsha, na wakati kinaamka silabi ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyekiweka katika mpangilio wa kunasa pale tu sauti inaposikika, akaniambia kwamba hivyo betri hudumu, nami nikamshukuru na kumlipa.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitapoteza muda juu ya rangi, ukubwa wa kioo au ujazo wa kumbukumbu. Ujazo ndio wauzaji wanaoutangaza kwa herufi kubwa kuliko zote, ilhali saa moja ya MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde haifiki hata MB 90, na kwa kiwango hicho GB 4 zinabeba vikao vingi sana kabla hujafuta kitu. Swali ninalotaka mnunuzi aende nalo dukani ni moja: je, chombo hiki kinanasa mwanzo wa sentensi?

Kwa mtu anayesema Kiswahili, swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana katika vijitabu vya maelezo, ambavyo kwa kawaida huandikwa na watu wanaofikiria lugha nyingine. Kitenzi chetu hubeba mzigo wake wote kichwani. Anayetenda yuko mwanzoni, na ukanushi nao uko mwanzoni: hakuna, hatukubali, hawatalipa, sikubali. Ukikata silabi ya kwanza tu, "hatukubali" inakuwa "tukubali" na "sikubali" inakuwa "kubali", yaani kinyume kabisa cha kilichosemwa. Kibaya zaidi, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hivyo silabi ile ya mwanzo hutamkwa kwa sauti ndogo, tena ikiwa na "h", ambayo ni pumzi tu. Kifaa kinachosubiri sauti ipande ndipo kiamke kitaisubiri "ku" ya "hakuna", na "ha" itaangukia gizani. Mzee anayezungumza taratibu na kupumzika kati ya sentensi, kama mhazini wetu, ndiye anayeathirika kuliko wote, kwa sababu kila anapopumzika chombo kinarudi kulala.

Mchapaji mwenye masikio angeligundua kosa hilo, kwa kuwa angesikia ule mkato na kurudi nyuma. Programu hairudi nyuma. Imefundishwa kutoa maneno yanayowezekana, na ikipewa kipande cha neno huchagua neno zima lililo karibu nacho na kuliandika bila alama yoyote ya shaka. Katika kikao hichohicho mwanachama mmoja alisema "Hatujakubaliana kuhusu riba". Chombo kikabakiza "tujakubaliana", umbo ambalo halipo katika lugha yetu, na programu, kwa wema wake, ikaandika "Tumekubaliana kuhusu riba". Sarufi ilikuwa sahihi na herufi zote zilikuwa mahali pake, na ndiyo sababu jicho langu lilipita juu yake bila kusita.

Mpangilio huo wa kunasa pale tu sauti inaposikika una majina tofauti. Katika menyu za Sony utaukuta kama VOR, katika za Olympus kama VCVA, na katika vifaa visivyo na jina mara nyingi ni kiswichi kidogo ubavuni ambacho kidole hukisukuma chenyewe mfukoni. Uzime. Wauzaji wenye maneno mengi watakuambia kwamba kuondoa ukimya kunaisaidia programu, na hapo wana chembe ya ukweli: Whisper, programu ya bure iliyotolewa na OpenAI mwezi Septemba 2022, ambayo hupokea faili la sauti na kuandika lugha nyingi Kiswahili kikiwamo, ikikutana na ukimya mrefu huweza kubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Hata hivyo, ukimya unaweza kuukata baadaye kwenye kompyuta, ukiwa na nakala kamili mkononi, kwa programu ya bure kama Audacity, ambapo utaona kwa macho wimbi la sauti linaanzia wapi. Silabi ambayo haikunaswa huwezi kuirudisha.

Kuna ndugu wa kasoro hiyo, naye ni ucheleweshaji wa kuanza. Unabonyeza kitufe, kioo kinawaka, mwenyekiti anasema jambo la kwanza, na chombo bado kinajiandaa. Msomaji mmoja aliyekuwa akiwahoji wazee huko Unguja aliniandikia kwamba mahojiano yake yote yanaanzia katikati ya jina la mhojiwa. Dawa ninayoijua ni kubonyeza mapema na kuhesabu hadi tano, au kununua chombo chenye uwezo wa kuhifadhi sekunde mbili zilizotangulia kubonyezwa kwa kitufe. Uwezo huo ninautaka katika kila kinasa sauti duniani.

Sasa niseme kipi ninachokipendekeza, na nikiri kwanza kwamba mimi ni mtu wa Sony tangu enzi za redio kaseti ya baba yangu, kwa hiyo orodha hii ina upendeleo na siuombei radhi.

Cha kwanza ni Sony ICD-PX470. Hunasa kwa MP3 na pia kwa LPCM isiyobanwa, plagi yake ya USB inachomoza kutoka katika mwili wa chombo chenyewe kiasi kwamba hakuna waya wa kupotea, kina nafasi ya kadi ya microSD, na kinatumia betri mbili za AAA zinazouzwa hata katika duka la chumvi na sabuni. Hilo la betri ndilo linalokiweka juu ya ndugu yake. Kiweke katika MP3 ya kilobiti 192, au LPCM kama kikao ni kifupi, na usiguse kabisa ile hali ya kilobiti 8 inayojigamba kubeba saa nyingi sana. Whisper huibadilisha sauti yoyote kuwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 16,000 kwa sekunde kabla ya kuisikiliza, kwa hiyo huna haja ya makubwa zaidi ya hapo. Lakini katika kilobiti 8 ile mivumo ya juu inayotofautisha "s" na "f" na "th" imekwisha kung'olewa, na hakuna programu itakayoiotesha upya.

Cha pili ni Sony ICD-UX570. Ni chembamba, kipaza sauti chake ni kizuri zaidi ukumbini au mbali na msemaji, na ukikichaji dakika chache tu unapata muda wa kutosha kuokoa kikao kilichokushtukiza. Tatizo ni kwamba betri yake imefungiwa ndani. Umeme ukikatika tangu asubuhi, au betri ikichoka baada ya miaka michache, utakuwa na kipande kizuri cha plastiki.

Kwa haki, Tascam DR-05X ingestahili nafasi ya kwanza, kwa sababu ina zile sekunde mbili za kabla ya kuanza ambazo nimezililia hapo juu. Zoom H1n nayo inazo. Nimeziweka ya tatu kwa pamoja, na upendeleo wangu si sababu pekee. Tascam unabonyeza kitufe cha kunasa mara mbili: mara ya kwanza taa inawaka na kuzima, maana yake chombo kinasubiri, na mara ya pili ndipo inapotulia na kunasa. Niliazima ya rafiki yangu, nikaiacha ikimwekamweka mezani kwa dakika arobaini huku nikiisifu kwa wajumbe kwamba taa yake inaonekana vizuri. Hakuna hata sekunde moja iliyonaswa. Anayeizoea ataipenda, hasa mtu wa redio au mtafiti wa fasihi simulizi. Mimi nina ajenda, chai ya wajumbe na karatasi ya mahudhurio vya kuangalia kwa wakati mmoja.

Olympus, ambayo biashara yake ya vinasa sauti tangu 2021 iko chini ya kampuni ya OM Digital Solutions, ina mfululizo wa WS unaonasa kwa MP3 na wenye USB ya kuchomoza. Sina ugomvi nao. Jihadhari tu na VN-541PC, ambayo hunasa kwa faili la aina ya WMA, kwa kuwa utahitaji hatua moja zaidi ya kubadilisha faili kabla baadhi ya huduma hazijalikubali. Jihadhari zaidi na mashine za ofisini zilizotumika ambazo hunasa kwa faili za aina ya DSS au DS2. Zilibuniwa kwa wanasheria na madaktari wanaosoma imla kwa makarani wao, zinafanya kazi hiyo vizuri sana, lakini programu nyingi za kawaida hazilifungui faili la DS2 kabisa, na muuzaji hatakuambia.

Simu uliyo nayo inatosha kwa imla ya mtu mmoja. Google iliongeza Kiswahili katika uchapaji wake kwa sauti mwezi Agosti 2017, na kwa barua fupi, ukiiweka simu karibu na mdomo, hutaona sababu ya kununua kitu kingine. Lakini uchapaji huo husikiliza maikrofoni papo kwa papo na haupokei faili la kikao cha jana, na simu ina tabia ya kupigiwa na shemeji katikati ya ajenda ya nne.

Vifaa vya bei rahisi visivyo na jina sivipi nafasi. Nilichonacho kiliandikwa GB 128 na kilianza kufuta vya zamani kabla hakijafika robo ya hapo. Basi.

Nisiondoke bila kutaja jambo linalonikera kwa muda mrefu, nalo ni maboksi yanayouzwa ghali kwa sababu ndani mna leseni ya Dragon. Dragon ni programu ya heshima ya kugeuza imla kuwa maandishi, ipo sokoni tangu 1997, na anayesoma imla kwa Kiingereza ataifaidi. Kiswahili haikijui. Niliuliza katika duka moja la jijini Dar es Salaam kama inaandika Kiswahili, nikajibiwa bila kupepesa jicho: "Dada, hii inaandika lugha zote." Mtu anayesema hivyo hajawahi kuifungua, na tofauti ya bei niliyotajiwa kwa sababu ya leseni hiyo ingenunua betri za AAA za miaka mitatu.

Bei nazo hazina utaratibu. Kwa PX470 ileile, katika mtaa uleule, siku ileile, nilitajiwa shilingi 320,000 duka la kwanza na 195,000 duka la tatu. Nilipoomba la kwanza lifungue boksi nijaribu, niliambiwa kwamba ukifungua umenunua. Jaribio langu halichukui muda mrefu: ninakiweka chombo mezani, ninanyamaza kwa sekunde kumi, kisha ninasema kwa sauti ya kawaida "Hakuna", ninanyamaza tena, "Hatukubali", ninanyamaza tena, "Sikubali", halafu ninasikiliza kwa spika za masikioni. Ninafanya hivyo mara moja VOR ikiwa imewashwa na mara moja ikiwa imezimwa, ili muuzaji naye asikie ninachokisema. Katika duka la tatu kijana hakuwa na betri za kujaribia, akafikiria kidogo, akafungua rimoti ya televisheni iliyokuwa ukutani, akatoa mbili, akanipa. "Hakuna" ilitoka nzima, pamoja na "ha" yake, na nyuma yake sauti ya mteja mwingine akilalamika kwamba televisheni haibadiliki.