Mtego wa mbu wa feni na chambo cha harufu: uzoefu wangu

Mtego huu hauna taa, na ndiyo maana niliuchagua. Mitego ya taa ya bluu hujaa nondo, kwa sababu mbu jike anayetafuta damu hufuata zaidi harufu. Ndani ya boksi kuna pipa la kitambaa, feni inayovuta hewa kwenda chini, mfuko wa wavu na kifuko cha chambo chenye asidi ya laktiki na amonia, harufu zilezile zinazotoka kwenye ngozi na jasho letu.

Kifuko peke yake kinanasa, ila kwa uchache. Kinachomwamsha mbu ni kaboni dioksaidi ya pumzi, anayoinusa kwa vipapasio vifupi vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea. Akishaipata, harufu ya ngozi humvuta kwa nguvu zaidi, naye huifuata akiruka dhidi ya upepo. Kwa hiyo nimeongeza gesi: sukari gramu 250, hamira kavu gramu 17.5 na maji ya vuguvugu lita 2.5, vyote ndani ya dumu la lita 5. Mpira mwembamba unatoka kwenye kizibo hadi mdomoni mwa mtego. Dumu lisijae, maana povu likiingia kwenye mpira linauziba na kizibo kinaruka. Maji ya moto yanaua hamira, hapo utasubiri gesi usiku kucha. Ukichanganya jioni, hadi asubuhi gesi imeshapungua sana, na kuchanganya upya kila siku ni kero.

Wengi huuweka mtego miguuni pao, kisha wanalalamika kuwa bado wanaumwa. Lazima waumwe! Mtu ana pumzi, joto na unyevu kwa pamoja, kifuko hakimwezi. Uweke mita kadhaa kutoka mnapokaa, chini kivulini, karibu na vichaka wanakojificha. Upepo mkali unaitawanya harufu na mbu anapotea njia, kwa hiyo feni ya kawaida ielekeze kwako, si kwenye mtego.

Kasoro kubwa ni mfuko: ukizima feni kabla ya kuufunga, walio hai wanatoka. Sisimizi nao huingia kula mbu waliokufa. Panga za feni zikishika vumbi mvuto unapungua, basi zifute mara kwa mara.

Kwa mbu wa uani naupa nyota tatu kati ya tano. Chandarua na dawa ya kupaka sijaviacha.