Kliniki Iliyoanza kwa Kuniuliza Habari za Kodi

Nilifika katika kliniki hiyo ndogo ya ushauri nasaha, karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi, baada ya miezi mitatu ya kukosa usingizi tangu tulipomzika mama. Nilitarajia kuulizwa habari za utoto wangu. Mhudumu wa jamii aliyenipokea, ambaye pia amesajiliwa kuwa mshauri nasaha, alitaka kwanza kujua nyumbani tunaishi wangapi, kodi hulipwa na nani, na deni la mazishi limemwangukia nani. Deni hilo peke yake lilitumaliza nusu saa.

Kisha alinipa karatasi ya maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila jibu likiwa na alama kati ya 0 na 3. Nilipata 16 kati ya 27. Alinieleza, bila kunitisha, kwamba alama hizo zinaashiria sonona (huzuni nzito inayodumu) isiyo ya kupuuzwa ingawa hazitoshi kuthibitisha ugonjwa, na kwa kuwa yeye haandiki dawa, akanielekeza pia kwa daktari wa akili.

Vikao vilivyofuata vilikuwa vya daftari: wazo linaloniamsha usiku, yanayolithibitisha, na yanayolipinga. "Ningempeleka hospitali mapema, angepona" lilijaza ukurasa mzima. Mbinu hii, iliyoasisiwa na daktari Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960, inachosha, na asiyependa kupewa kazi ya kufanya nyumbani ataiona adhabu. Hata hivyo, jambo lililonifaa kuliko daftari ni kikao cha tano, alipowaalika kaka zangu wawili. Mkubwa alikuja shingo upande, akaketi karibu na mlango, lakini alipoulizwa taratibu tangu lini hajalitaja jina la mama, aliinama akanyamaza kwa muda mrefu, na kabla hatujaondoka alikuwa amekubali kubeba theluthi ya deni.

Dosari zipo. Kuta ni nyembamba kiasi kwamba nilisikia televisheni ya mapokezi, jambo lisilovumilika mahali pa kutunza siri za watu. Mara mbili nilingojeshwa dakika 40. Na kikao cha dakika 50 hugharimu shilingi 2,500, taslimu au kwa M-Pesa, kwa sababu bima haipokelewi.

Katika kikao cha nane nilijaza tena karatasi ile nikapata 8. Swali la usingizi bado nililijibu kwa alama 2.