Jalada la nukta nundu kituturini: tathmini ya mpiga kura asiyeona

Kwa miaka mingi nimepiga kura kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa nikiingia kituturini nimeshikwa mkono na kaka yangu, nikimnong'oneza jina la mgombea, naye akiweka alama na kuniambia kwamba tayari; kama aliiweka pale nilipotaka, hilo alilijua yeye na karatasi. Katika uchaguzi uliopita nilitumia kwa mara ya kwanza jalada la kupigia kura la nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, na kwa kuwa wengi wetu hukabidhiwa kifaa hiki dakika ile ile tunayotakiwa kukitumia, nimeona nieleze kinavyofanya kazi na kinapokwama.

Jalada lenyewe ni kadibodi ngumu iliyokunjwa, na karatasi ya kura huchomekwa ndani yake. Upande wa juu una matundu yaliyokatwa sawasawa na visanduku vya kuwekea alama, na kando ya kila tundu kuna namba ya nukta nundu inayofuata mpangilio wa wagombea. Lile nililopewa lilikuwa limekatwa pembe moja, ili kidole kitambue upande wa juu bila kuuliza. Msimamizi hukusomea orodha nzima ya wagombea, nawe ukaishika namba yako moyoni, ukaingia kituturini peke yako, ukatafuta tundu lako, ukaweka alama, kisha ukaichomoa karatasi na kuikunja. Nilitumia kama dakika 3, na moja kati ya hizo nilisimama tu, kwa kuwa sikuwa nimekizoea kimya cha humo ndani.

Sifa yake kubwa ni siri, na siri hiyo ina uzito wa kisiasa kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inamhakikishia mpiga kura mwenye ulemavu kura ya siri, na msaada wa mtu aliyemchagua mwenyewe pale anapouhitaji na kuuomba. Tumezoea kupewa hilo la pili na kunyimwa la kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye ulemavu ni bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya kila 6, na hakuna mgombea mwenye akili timamu anayeweza kulipuuza fungu kubwa namna hiyo la wapiga kura, isipokuwa kama anaamini kwamba kura zao zimo mikononi mwa wanaowasindikiza. Nakumbuka wapambe wa kampeni waliofika nyumbani wakazungumza na kaka yangu muda wote, kuhusu ada na dawa zangu, mimi nikiwa nimeketi papo hapo. Sidhani kwamba ilikuwa dharau tupu. Walikuwa wanapiga hesabu, na kwa hesabu ya wakati ule hawakukosea.

Kasoro zipo. Kwanza, si kila asiyeona anasoma nukta nundu, hasa aliyepoteza uoni ukubwani. Huyo hulazimika kuhesabu matundu kutoka juu, na wagombea wakiwa wengi ni rahisi kuruka moja. Pili, karatasi inaweza kuteleza ndani ya jalada, alama ikaangukia mpakani na kura ikaharibika bila mwenyewe kujua, kwa sababu kadibodi haiwezi kukusomea ulichochagua. Katika jambo hili mashine zenye sauti na vipokea sauti vya masikioni zimelipita mbali. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 ilitaka kila kituo katika chaguzi za shirikisho kiwe na angalau mashine 1 inayofikika kwa watu wenye ulemavu. Hata hivyo, jalada halihitaji umeme wala fundi, na hiyo si faida ndogo.

Kasoro iliyoniudhi zaidi haikuwa ya jalada. Karani aliniuliza, "Umekuja na nani?" kabla hata ya kunisalimu, na lilipoombwa jalada likatafutwa kwa muda, likapatikana chini ya masanduku, nukta zake za pembeni zikiwa zimebonyea. Ngazi za mlangoni nazo zilikuwa bado kikwazo kwa anayetumia kiti cha magurudumu, na kwa kiziwi hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Kadibodi haiwezi kubebeshwa yote hayo.

Nitalitumia tena, ila nashauri vyama vya watu wenye ulemavu vidai kulijaribu pamoja na nakala ya karatasi halisi ya kura kabla halijachapwa kwa wingi, na sampuli zisambazwe wiki kadhaa kabla ili vidole vizoee.

Kaka yangu alinisubiri nje. Aliponiuliza nimempa nani, nilimjibu kwamba kura ni siri. Akacheka, akanuna kidogo, kisha akanipa mkono tukaondoka.